Shimo la Thelathini na Moja

Kwenye usaili, mzee mwenye miwani alifungua ramani
akalitafuta jangwa ndani ya Pemba, hakuliona.
Akaniuliza kwa upole, kama anayemrudishia mtu chenji pungufu:
"Binti Riziki, kisiwa chenu kina karafuu. Kina mvua.
Kilimo cha jangwani cha nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa takwimu.
Nikamweleza habari ya chujio.

Kwamba kwetu Maziwa Ng'ombe, upande wa Micheweni,
ambako karafuu hazijapata kutufikia,
mvua hupiga hodi, tukaitikia karibu,
nayo ikatokea mlango wa nyuma:
juu ya jiwe, ndani ya jiwe, chini ya jiwe,
mpaka pwani.
Asubuhi watoto wamekwenda shule na tope miguuni,
adhuhuri kunde zimekunja majani
kama mikeka baada ya hitima.

Akaandika kitu. Nikapata nafasi.

Mwaka wa kwanza niliusomea mbali, nchi ya mchanga,
nikajua umande nao una mizani yake,
na kwamba wapo watu hulima kwa milimita mia
bila ya kumlaumu mtu.
Mama kwenye simu: "Huko mwala nini?"
Tende, nikasema.
Akanyamaza. "Kila siku?"

Wa pili nikarudi na kipima unyevu mkobani
na fedha za mashimo arobaini na nane.
Mjomba Kombo Shaame aliyachimba kwa mtaimbo,
jiwe likitoa cheche, bei tukipatana na kupatana upya.
La tatu akasimama, fulana imemganda mgongoni:
"Hivi n'nachimba shamba, au n'nazika watu wafupi?"

Tukayapigia kura. Kumi na mawili makumbi,
kumi na mawili mbolea ya mbuzi,
kumi na mawili mwani uliokataliwa na mnunuzi,
na yaliyobaki udongo mtupu, masikini ya Mungu,
ili wenzao wapate wa kulinganishwa naye.

Vuli haikuja.
Wiki ya tatu mashimo ya mwani yaliungua kwa chumvi.
Nikaandika. Bi Mize, aliyenipa ule mwani,
nilimkwepa njiani siku nne.

Lakini thelathini na moja!
Udongo mtupu, na kipima kinasema ishirini na mbili,
jirani zake sita, saba.
Nikabadilisha betri. Nikapima alfajiri, nikapima alasiri.
Nikaanza kuiota sura nzima ya tasnifu:
labda chini pana mfinyanzi,
labda jiwe lenyewe limetubu.

Siku ya tano, jua linakaribia kuzama,
nikamkuta Mjomba amechutama na birika ukingoni mwa shimo,
viganja, kinywa, uso, mikono,
maji yote ya udhu yakiteremkia kwenye kunde.

"Mjomba!"

"N'likiona kimche kinasinyaa.
Kulinganisha n'nakujua, mwanangu, ulin'eleza vizuri.
Lakini n'natia udhu mara tano kwa siku
na maji n'nayamwagia mawe."

Msimamizi alijibu kwa neno moja: Liondoe.
Nikaliondoa. Nilipiga mstari kwa rula,
mkono ukanitetemeka kidogo pale mwishoni.

Masika yaliyofuata, msikitini walichimba sita
chini ya mabomba, bila ya kuniuliza.
Mawili yalikauka. Sijui kwa nini bado,
wala hakuna aliyenipa fedha za kujua.

Tasnifu ipo maktaba, jalada la kijani,
ina mashimo arobaini na saba.
Ukija kwetu ukayahesabu, utapata moja zaidi.

Tulilivuna. Kibakuli kimoja, hakikujaa,
tukazipika kwa nazi.
Mama akaonja, akalamba mwiko:
"Ndizo hizi zilizofutwa?"